Jinsi ya Kutumia Vipimo vya Damu Kutambua Mapema Kuharibika kwa Gegedu la Viungo

Gegedu linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Kwa sababu hiyo linaweza kulika kwa muda mrefu bila mtu kuhisi lolote, na maumivu yanapoanza, mara nyingi hutoka katika mfupa ulio chini yake, katika utando wa ndani wa kiungo au katika kano zinazokizunguka, yaani katika sehemu ambazo zimekwisha kuathirika pamoja nalo. Picha ya eksrei nayo huchelewa, kwa kuwa haionyeshi gegedu lenyewe bali nafasi iliyo kati ya mfupa na mfupa, na nafasi hiyo haipungui waziwazi mpaka gegedu liwe limepungua sana. Madaraja ya Kellgren na Lawrence, ambayo madaktari wameyatumia tangu 1957 kupima ukubwa wa ugonjwa katika eksrei kuanzia 0 hadi 4, yanategemea alama hizo hizo za kuchelewa.

Kuchelewa huko kuna hasara kubwa, kwa sababu kolajeni ya aina ya pili, ambayo ndiyo nyuzi zinazolipa gegedu uimara, haibadilishwi upesi na mwili. Watafiti wa Uholanzi walikadiria mwaka 2000 kwamba mwili ungehitaji zaidi ya miaka 100 kubadilisha nusu ya kolajeni iliyomo katika gegedu, ilhali kwa ngozi ni karibu miaka 15. Nyuzi hizo zikishakatika, mwili hauna uwezo wa maana wa kuzirudisha katika hali yake ya mwanzo. Hii ndiyo sababu watafiti wametumia miongo kadhaa kutafuta katika damu na mkojo dalili za uharibifu ambazo jicho na eksrei haziwezi kuziona.

Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye maumivu ya viungo au mwenye ndugu wa damu walio na ugonjwa huo, ambaye anataka kujua ni vipimo gani vina maana, vinafanywaje, na majibu yake husomwaje. Neno moja nalisisitiza tangu sasa, kwa kuwa nimeona likipuuzwa na kuwaumiza watu: hakuna kipimo cha damu kinachoweza kutoa hukumu peke yake. Kipimo husaidia pale tu ambapo swali lilikuwa wazi kabla damu haijatolewa.

Swali kwanza, kipimo baadaye

Magonjwa ya viungo ni mengi, lakini mawili ndiyo yanayohusika zaidi na kuharibika kwa gegedu. La kwanza ni osteoathraitisi, ambalo gegedu hulika na mfupa ulio chini yake hubadilika polepole, hasa katika magoti, nyonga na vidole. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 528 walikuwa nalo mwaka 2019. La pili ni baridi yabisi, ambalo kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa kiungo, utando huo ukavimba, na uvimbe ukala gegedu na mfupa. Baridi yabisi huwapata watu wachache zaidi, takriban milioni 18 kwa mwaka huo huo, lakini huharibu kwa kasi kubwa zaidi na lina dawa zinazoweza kulizuia likiwahiwa. Tofauti hii ya mwisho ndiyo inayoamua vipimo gani vifanywe kwanza.

Kabla ya kwenda maabara, jiulize mambo machache na uyaandike. Asubuhi viungo hukaza kwa muda gani kabla ya kulegea? Kukaza kunakozidi nusu saa, tena katika vifundo vidogo vya vidole vya mikono na miguu, pande zote mbili za mwili, pamoja na uvimbe unaobonyea, kunaelekeza kwenye baridi yabisi. Maumivu yanayozidi kiungo kinapotumika na kupungua kinapopumzishwa, kwa mtu aliyefikisha miaka 45 au zaidi, na kukaza asubuhi kusikozidi dakika 30, kunaelekeza kwenye osteoathraitisi. Mwongozo wa taifa wa Uingereza unaruhusu daktari athibitishe ugonjwa huo kwa maelezo na uchunguzi wa mwili tu, bila eksrei wala damu, mradi hakuna dalili nyingine ya kutia shaka. Kidole gumba cha mguu kinachovimba ghafla usiku na kuuma kiasi kwamba hata shuka haliguswi kinaelekeza kwenye jongo.

Hali moja haingoji kipimo chochote cha damu. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na kushindwa kukunjika, hasa pakiwa na homa, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo ili majimaji ya kiungo yavutwe kwa sindano na kuchunguzwa kama yana vijidudu. Maambukizi ndani ya kiungo yanaweza kuharibu gegedu kwa siku chache, na CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha uvimbe mwilini, ikiwa ya kawaida haitoshi kuyakanusha.

Kinachotoka kwenye gegedu na kuingia katika damu

Ukiondoa maji, ambayo ni zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake, gegedu limejengwa kwa vitu viwili vikuu: nyuzi za kolajeni ya aina ya pili, na molekuli kubwa ziitwazo agrekani ambazo hushika maji na kulifanya gegedu lihimili uzito. Seli zake ni chache, asilimia chache tu ya ujazo wote. Kiungo kinapoumia au kuvimba, seli hizo na zile za utando wa kiungo hutoa vimeng'enya vinavyokata agrekani na kolajeni. Vipande vilivyokatwa huanguka kwanza katika majimaji ya kiungo, kisha hupita kwenye utando na mishipa ya limfu mpaka kwenye damu, na vingine huishia kwenye mkojo. Viashiria vya uharibifu wa gegedu ni vipande hivyo, au vimeng'enya vilivyovikata.

Kinachotajwa zaidi ni COMP, protini yenye mikono mitano inayosaidia kushikamanisha nyuzi za gegedu. Huongezeka katika damu ya watu wenye osteoathraitisi ya goti au nyonga, na vilevile katika baridi yabisi inayoharibu kwa kasi. Tatizo lake ni kwamba haipatikani katika gegedu tu, kwani imo pia katika kano na katika utando wa kiungo. CTX-II ni kipande cha mwisho wa uzi wa kolajeni ya aina ya pili, nacho hupimwa zaidi katika mkojo kuliko katika damu, huku kiasi chake kikilinganishwa na kreatinini, taka ya mwili inayotolewa kwa mkojo, ili mkojo mzito au mwepesi usipotoshe jibu. Kuna C2C na C2M, ambavyo ni vipande vingine vya kolajeni hiyo hiyo vilivyokatwa mahali tofauti, na kuna ARGS, kipande cha agrekani ambacho huonekana tu pale kimeng'enya mahususi kinapoikata molekuli hiyo katika sehemu moja inayojulikana. Asidi ya hayaluroni hutoka zaidi katika utando wa kiungo uliovimba. MMP-3 ni kimeng'enya chenyewe, nacho hupimwa kwa kawaida katika hospitali za Japani kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Upande wa pili wa mizani kipo PIIANP, ambacho huonyesha kolajeni mpya inayotengenezwa; mtu ambaye anabomoa sana huku akijenga kidogo yumo katika hatari kubwa kuliko anayebomoa na kujenga kwa kadiri moja.

Damu haisemi ni kiungo gani kilichotoa vipande. Goti moja bovu, nyonga mbili zilizoanza kulika, na diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo, ambazo nazo zina kolajeni ya aina ya pili, vyote humwaga katika mto mmoja. Namba ya juu inaweza kutoka mgongoni wakati mgonjwa na daktari wanatazama goti.

Vipimo vya kuomba, kulingana na swali

Ikiwa dalili zinaelekeza kwenye baridi yabisi, vipimo vya kwanza havipimi gegedu. Vinamtafuta adui anayelila. Omba anti-CCP na RF, ambazo ni kingamwili. ESR na CRP, ambazo huonyesha kiasi cha uvimbe mwilini. Picha kamili ya damu. Na vipimo vya ini na figo, kwa sababu dawa nyingi za ugonjwa huu zinahitaji kujua hali ya viungo hivyo kabla ya kuanza. Asidi ya yuriki huongezwa pale jongo linaposhukiwa, kwa kukumbuka kwamba inaweza kusomeka ya kawaida katikati ya shambulio lenyewe, hivyo ni busara kuirudia wiki kadhaa baada ya shambulio kutulia.

Anti-CCP ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi katika utambuzi wa mapema, na nataka msomaji aelewe kwa nini. Kwa mujibu wa uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2007, kati ya wagonjwa 100 wa baridi yabisi, kipimo hicho huwagundua takriban 67, na kati ya watu 100 wasio na ugonjwa huo, huwaachia 95 kwa usahihi. RF hugundua idadi inayokaribiana na hiyo, 69, lakini huwaachia 85 tu, kwani huweza kuwa chanya pia kwa wenye homa ya ini aina ya C, kifua kikuu, maambukizi ya moyo, na kwa wazee wenye afya. Zaidi ya hayo, kingamwili hizi hutangulia ugonjwa. Watafiti wa Uholanzi waliochunguza damu iliyohifadhiwa ya watu waliokuwa wakichangia damu, ambao baadaye waliugua baridi yabisi, walikuta mwaka 2004 kwamba karibu nusu yao walikuwa na kingamwili hizo kabla ya dalili yoyote, kwa wastani wa kati wa miaka 4 na nusu kabla. Kwa hiyo mtu mwenye anti-CCP ya juu na maumivu ya viungo yasiyo na uvimbe bado anastahili kufuatiliwa na daktari bingwa wa magonjwa ya viungo, asirudishwe nyumbani na vidonge vya maumivu tu.

Ikiwa dalili zinaelekeza kwenye osteoathraitisi, hali ni tofauti, na hapa ndipo watu wengi hupotezewa fedha zao. Viashiria vya gegedu nilivyovitaja vimetumika zaidi katika utafiti, na hakuna hata kimoja kinachopendekezwa na miongozo mikuu kama njia ya kawaida ya kuuthibitisha ugonjwa huo kwa mgonjwa mmoja mmoja. Vinaweza kutofautisha kundi la wagonjwa na kundi la wasio wagonjwa, lakini namba za makundi hayo mawili huingiliana sana. Katika mradi mkubwa wa Marekani uliofuatilia magoti ya watu 600 na kupima viashiria vingi vya damu na mkojo, CTX-II ya mkojo ilikuwa miongoni mwa vilivyotabiri nani angeendelea kuharibika, lakini uwezo huo wa kutabiri ulikuwa wa wastani tu.

Tumaini lipo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, wakitumia damu iliyohifadhiwa ya wanawake 200 wa Uingereza, nusu yao wakiwa waliugua osteoathraitisi ya goti, walionyesha kwamba mkusanyiko wa vipande vichache vya protini uliweza kuwatenganisha waliokuja kuugua na wasiougua miaka 8 kabla eksrei haijaonyesha chochote, na uliwatenganisha vizuri zaidi kuliko umri na uzito au maumivu ya goti. Ni matokeo muhimu, lakini wanawake 200 wa eneo moja ni wachache, na kipimo cha namna hiyo kinahitaji kujaribiwa kwa wanaume, kwa watu wa asili mbalimbali na kwa magonjwa mengine kabla hakijawa cha kumwongoza daktari. Anayekuuzia kipimo cha gegedu leo akidai kwamba kinatabiri hali ya goti lako mwaka baada ya mwaka anadai zaidi ya ushahidi uliopo.

Je, viashiria vya gegedu visipimwe kabisa? Sisemi hivyo. Vina nafasi kwa mtu anayeshiriki utafiti, kwa daktari bingwa anayefuatilia mgonjwa mwenye hatari kubwa, kwa mfano aliyekatika ligamenti ya goti akiwa kijana, na kwa baridi yabisi ambapo MMP-3 na COMP huweza kuongeza taarifa juu ya kasi ya uharibifu. Sharti ni kwamba mtu awe amekubaliana na daktari wake mapema: namba ikiwa juu tutafanya nini, na ikiwa chini tutafanya nini? Majibu mawili yakiwa sawa, kipimo hicho hakina kazi.

Kujiandaa kabla ya kutolewa damu

Sehemu hii hupuuzwa kuliko zote, na makosa mengi ya viashiria vya gegedu huanzia hapa. Viashiria hivi hupanda na kushuka kwa sababu ambazo hazihusiani na ugonjwa, na asiyejiandaa hupima siku yake badala ya kiungo chake.

Mwendo ndio unaovuruga zaidi. Kutembea kwa nusu saa kunatosha kupandisha COMP katika damu, na mbio ndefu huipandisha sana kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo epuka mazoezi mazito siku moja au mbili kabla ya kipimo, usifike maabara kwa kukimbia wala kwa mwendo mrefu wa miguu, na ukifika kaa umetulia kwa angalau dakika 30 kabla ya sindano. Usilale wakati wa kusubiri mara moja na kukaa mara nyingine. Fanya vilevile kila mara, kwa sababu hata mkao wa mwili hubadilisha mkusanyiko wa protini katika damu.

Saa ya siku ina uzito karibu sawa na mwendo. COMP hushuka usiku mtu akiwa amelala, CTX-II huwa juu asubuhi, na asidi ya hayaluroni hupanda mtu anapoamka na kuanza kujongea, kisha hupanda tena baada ya kula. Chagua saa moja ya asubuhi, tuseme kati ya saa 2 na saa 4, na uishike katika vipimo vyote vitakavyofuata. Usile kitu tangu usiku wa jana yake. Maji yanaruhusiwa na ni mema. Ikiwa mkojo unahitajika, mara nyingi huchukuliwa ule wa pili wa asubuhi, si wa kwanza uliokaa kibofuni usiku kucha, lakini fuata maelekezo ya maabara yako.

Mweleze daktari dawa zote na virutubisho vyote unavyotumia. Bayotini, vitamini ambayo huuzwa kwa wingi kwa ajili ya nywele na kucha, huweza kupotosha vipimo vingi vinavyotumia kingamwili maabara, ikipandisha vingine na kushusha vingine, hivyo wenye kutumia kiasi kikubwa huelekezwa kuiacha siku kadhaa kabla. Dawa za steroidi hushusha CRP na hupandisha MMP-3. Dawa za kuzuia kumeng'enywa kwa mfupa hupunguza baadhi ya vipande vya kolajeni. Usiache dawa yoyote uliyoandikiwa kwa ajili ya kipimo bila ruhusa ya aliyekuandikia. Inatosha kwamba anayesoma jibu ajue unaitumia.

Ahirisha kipimo ikiwa una mafua, homa, jeraha jipya, au umefanyiwa upasuaji karibuni. CRP hupanda ndani ya saa chache za maambukizi na hufika kileleni kwa takriban siku mbili. Ikiwa chanzo kimekwisha, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi, kwa hiyo wiki mbili za kusubiri kwa kawaida hutosha kuisafisha. Jeraha la goti ni suala jingine, kwa kuwa COMP na CTX-II huweza kubaki juu kwa miezi mingi baada ya ligamenti kukatika, na hapo kupanda kwake ni taarifa ya kweli juu ya kiungo, si kelele ya kuondolewa.

Uliza maabara maswali machache bila haya. Je, wanatumia seramu au plazima kwa kipimo hiki? Damu hutenganishwa baada ya muda gani, na sampuli ikisafirishwa huwekwa katika baridi kiasi gani? Sampuli iliyogandishwa, ikayeyushwa na kugandishwa tena huweza kuharibu protini inayotafutwa. Kipimo hicho kinafanywa hapo hapo au kinapelekwa kwingine, na je, mara ijayo kitafanywa kwa mashine na kemikali zile zile? Swali hili la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, maana COMP iliyopimwa na kampuni moja hailinganishiki na ile ya kampuni nyingine, hata vipimo vinapoitwa kwa jina moja.

Kusoma majibu

Tazama kwanza kizio, kisha namba. CRP huandikwa na maabara nyingine kwa mg/L na nyingine kwa mg/dL, na 1 mg/dL ni sawa na 10 mg/L. Watu wamewahi kushtuka bure, na wengine kutulia bure, kwa kusoma kimoja kama kingine. Asidi ya yuriki ya 6.8 mg/dL, ambayo ni kikomo cha kuyeyuka kwake katika damu, ni karibu 400 kwa maabara zinazotumia mikromoli kwa lita.

Kisha tazama kiwango cha kawaida kilichochapishwa kando ya jibu, na uulize kama kinazingatia umri na jinsia. ESR huongezeka kwa umri. Kanuni rahisi inayotumiwa na matabibu ni kwamba kikomo cha juu kwa mwanamume ni umri wake ukigawanywa kwa 2, na kwa mwanamke ni umri wake ukijumlishwa 10 kisha ukagawanywa kwa 2. Upungufu wa damu na ujauzito huipandisha pia. Watoto wanaokua huwa na viashiria vya kolajeni vilivyo juu mno kwa sababu ya sahani za ukuaji zilizo katika mifupa yao, na wanawake waliokoma hedhi huwa na CTX-II ya juu kuliko wale ambao hawajakoma. Ini lenye makovu hupandisha asidi ya hayaluroni kwa kiasi ambacho madaktari wa ini huitumia kama kipimo chao wenyewe, na figo dhaifu hubakiza katika damu vipande ambavyo vingetoka kwa mkojo.

Sasa hesabu ambayo kila anayepokea jibu la chanya angepaswa kuonyeshwa. Chukua watu 1,000 wasio na dalili zozote, na tuseme 10 kati yao wana baridi yabisi. Anti-CCP, kwa uwezo tulioutaja, itawagundua karibu 7 kati ya hao 10. Kati ya 990 waliobaki, asilimia 5 watapata chanya isiyo ya kweli, yaani karibu watu 50. Kwa jumla watu 57 watapata jibu la chanya, na 7 tu ndio wagonjwa. Sasa chukua watu 1,000 waliopelekwa kwa daktari bingwa kwa sababu wana uvimbe wa vidole na kukaza asubuhi, na tuseme 300 kati yao ni wagonjwa kweli. Kipimo kile kile kitawagundua karibu 200, na kati ya 700 wasio wagonjwa kitakosea kwa 35. Hapo chanya ina ukweli wa takriban asilimia 85. Kipimo hakikubadilika, waliopimwa ndio waliobadilika. Kupima kila mtu "kwa tahadhari tu" huzalisha hofu nyingi na wagonjwa wachache.

Upande wa hasi una hatari yake, na mimi nauogopa zaidi. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu wa baridi yabisi hana anti-CCP, na wapo ambao CRP yao ni ya kawaida huku vidole vikiendelea kuharibika. Mtu mwenye vifundo vilivyovimba kwa wiki 6 asikubali kuambiwa kwamba hana ugonjwa kwa sababu karatasi imesema hasi. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010, ambavyo mtu huhesabiwa kuwa na baridi yabisi akifikisha alama 6 kati ya 10, vinatoa hadi alama 5 kwa idadi na aina ya viungo vilivyoathirika, hadi 3 kwa kingamwili, 1 kwa ESR au CRP iliyopanda, na 1 kwa dalili zilizodumu wiki 6 au zaidi. Mikono ya daktari inayobonyeza vifundo ina alama nyingi kuliko maabara nzima. Katika vigezo hivyo hivyo, kingamwili iliyozidi kikomo cha kawaida zaidi ya mara 3 hupewa alama kamili, na iliyozidi kidogo hupewa 2, kwa hiyo usiridhike na neno "chanya". Taka namba yenyewe.

Pale daktari anaposhuku uharibifu ambao damu na eksrei havijauonyesha, ultrasaundi huweza kuona utando uliovimba, na MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, huweza kuliona gegedu lenyewe.

Kurudia kipimo na kufuatilia mabadiliko

Kwa viashiria vya gegedu, kulinganisha namba yako ya leo na namba yako ya miezi iliyopita kuna maana kuliko kuilinganisha na ya mtu mwingine. Lakini si kila tofauti ni mabadiliko. Kila mashine ina kutikisika kwake, na mwili nao una wake. Mfano: ikiwa tofauti ya kawaida ya mashine ni asilimia 10 na ya mwili ni asilimia 10, basi namba ya pili inapaswa kutofautiana na ya kwanza kwa karibu asilimia 39 ndipo tuamini, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba kitu kimebadilika. COMP iliyopanda kwa asilimia 12 kati ya vipimo viwili haithibitishi lolote. Omba maabara ikupe tofauti hizo mbili. Maabara nzuri inazo.

Anti-CCP na RF hazihitaji kurudiwa mara kwa mara baada ya kuthibitishwa, kwa kuwa hazifuati vizuri mafanikio ya dawa. Zinazofuatwa ni CRP na ESR pamoja na hesabu ya viungo vilivyovimba. Miongozo ya Ulaya inataka mgonjwa wa baridi yabisi ambaye ugonjwa wake bado uko macho aonwe kila mwezi 1 hadi 3, na dawa ibadilishwe ikiwa hakuna nafuu baada ya miezi 3 au lengo halijafikiwa baada ya miezi 6. Methotreksati, dawa inayotuliza kinga ya mwili, kwa kawaida ndiyo huanzwa, na kuianza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo wa dalili huokoa gegedu ambalo dawa ya mwaka wa pili haiwezi kulirudisha. Kwa walio na anti-CCP lakini bado hawana uvimbe, majaribio mawili yaliyochapishwa 2024 yalionyesha kwamba abatasepti, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ilipunguza idadi ya walioingia katika ugonjwa wakati wa kuitumia, ingawa haijawa tiba ya kawaida kwa watu hao. Wanachoweza kufanya leo bila kungoja ni kuacha sigara, ambayo imehusishwa na kutokea kwa kingamwili hizo, na kutibu magonjwa ya fizi.

Kwa mwenye goti linaloanza kulika, hatua hazitegemei kiashiria chochote. Katika utafiti wa muda mrefu wa Framingham, Marekani, uliochapishwa 1992, wanawake waliopunguza takriban kilo 5 walipunguza hatari ya osteoathraitisi ya goti yenye dalili kwa zaidi ya nusu, na vipimo vya mwendo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba kila kilo inayopungua mwilini huondoa karibu kilo 4 za mzigo juu ya goti katika kila hatua. Kuimarisha misuli ya paja kwa mazoezi yanayoongezwa polepole hupunguza maumivu, na COMP inayopanda kwa muda baada ya mazoezi si sababu ya kuyaacha. Gegedu linahitaji kubanwa na kuachiwa ili lipate chakula chake kutoka katika majimaji ya kiungo.

Weka daftari moja la vipimo vyako. Kwa kila jibu andika tarehe, saa ya kutolewa damu, ulikuwa umekula au la, ulifanya mazoezi gani siku mbili kabla, dawa na virutubisho ulivyotumia, jina la maabara na la kipimo, kizio, kiwango cha kawaida kilichochapishwa, na asubuhi hiyo viungo vilikaza kwa dakika ngapi. Daktari mpya akikuta ukurasa huo, hatalazimika kuanza upya, na hatailinganisha namba ya asubuhi tulivu na ile iliyochukuliwa baada ya mwendo wa saa nzima.